Dawa Ile Haikuwa na Mwiko, Dada

Dada yangu Pili,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo. Tangu utoto sikuwahi kukupita bila kukuamkia, hata siku zile tulipogombania kuni, na sioni kwa nini nianze sasa kwa sababu tu umelala kaburini.

Najua pia ungecheka, maana hukujua kusoma, na mimi nikikaa na karatasi ulikuwa unapita nyuma yangu ukisema, "Bubu wangu wa lugha mbili." Kisha unawageukia majirani: "Kiswahili anacho, Kijerumani anacho, mgeni akibisha hodi anajificha nyuma ya mtungi." Wanacheka, na mimi nazidi kuinama. Hukusema kwa ubaya. Wewe ndiye uliyenipeleka misheni kwa mkono wako, ukasema mtoto huyu hawezi kupiga kelele shambani kufukuza ndege, basi afundishwe kitu cha kufanya kimyakimya.

Kimya hicho ndicho ninachotaka kukiungama kwako. Kwa padre nilikwisha kuungama. Alinisamehe haraka mno, kabla sijamaliza sentensi.

Nianze na baba, kwa kuwa yote yalianzia pale. Wewe ulikuwa umeshavunja ungo, unakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nakumbuka kichwa chake tu, kimelowa maji ya dawa, na jinsi alivyoninyanyua nikalowa na mimi. Akaenda na wenzake kulipiga boma kule Mahenge, wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hakurudi, na wengi hawakurudi. Walionusurika hawakusema dawa ilikuwa bure. Walisema: kuna waliovunja mwiko. Fulani aliokota mali ya watu njiani. Fulani alimgusa mkewe usiku wa mwisho. Mama yetu hakuambiwa usoni, lakini kisimani wanawake walikuwa wanasogeza mitungi yao akifika. Njaa ilipokuja, ile njaa ya baada ya vita, alitupa sisi mizizi yote aliyochimba, yeye akanywa maji yake tu. Nilidhani alikuwa hana njaa. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye: "Mama alikuwa anajiadhibu. Aliamini yeye ndiye aliyemvunjia baba mwiko."

Sasa nikueleze kazi yangu, maana uliiona mara moja tu, na siku hiyo ulikuwa unatetemeka. Pale nyumba ya wagonjwa ya misheni yuko mtawa wa Kijerumani, tunamwita Shwesta. Kiswahili chake ni cha "njoo", "nenda" na "fungua mdomo". Mimi nakaa na daftari. Mgonjwa akija naandika jina lake, anakotoka, ugonjwa wake, halafu namtafsiria Shwesta anachosema, na mgonjwa anachoambiwa.

Ukiandika kila siku huoni kitu. Lakini siku moja mvua ilinyesha asubuhi yote, hakuna aliyekuja, nikarudi nyuma kusoma kurasa zangu mwenyewe. Mto unapofurika kabisa tunapata vidonda na matumbo. Homa zinakuja baadaye, maji yanapoanza kurudi mtoni na kuacha madimbwi, mpunga unapoanza kubeba. Hapo daftari linajaa neno moja mpaka nilichoka kuliandika, nikawa natia vialama viwili vya kulirudia chini yake. Na wanatoka wapi? Karibu wote ni watu walioacha nyumba zao na kuhamia mashambani ng'ambo ya mto, wanalala kwenye madungu, vile vilingo vya miti vya kulindia ndege na nguruwe, bila ukuta, maji yamesimama chini yao. Wanaoshuka kutoka milimani kuja kulima huku bondeni wanapigwa vibaya, wakubwa kwa wadogo. Sisi wa bondeni, watu wazima tunatetemeka tunapona. Watoto ndio wanaokwenda, watoto na wanawake wenye mimba.

Nilimwonyesha Shwesta. Alivua miwani, akaniangalia kama aliyeniona kwa mara ya kwanza, akasema ni mbu, na mbu anazaliwa kwenye yale madimbwi. Akasema tuwaambie watu walale ndani ya chandarua, watoto waingie mapema, na dawa ya kwinini inywewe mpaka iishe, hata siku ambazo mtu hatetemeki.

Nikamtafsiria mama mmoja wa Kiberege. Alicheka mpaka akasahau homa yake.

"Mbu? Huyuhuyu mbu wetu? Basi mimi ningekufa kabla sijazaliwa!"

Benchi zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka nao, Mungu anirehemu, kwa kuwa nilitaka wanipende.

Siku chache baadaye akaja mzee kutoka Mngeta, homa imemchoma mpaka midomo imepasuka. Shwesta akakoroga unga wa kwinini kwenye kikombe cha maji, akampa. Mzee akakishika, akaniuliza, "Mwiko wake nini?"

"Haina mwiko, babu."

"Dawa isiyo na mwiko ni maji ya kunawia, binti. Hata ile ya vita ilikuwa na mwiko." Akakisukuma kikombe.

Shwesta akaniuliza kwa Kijerumani anasema nini. Mzee ananiangalia, Shwesta ananiangalia, benchi linaniangalia. Unanijua nikiangaliwa. Mlangoni kulikuwa na kapu la kambale wa kubanika, zawadi ya mtu fulani. Macho yangu yakaangukia pale.

"Mwiko wake kambale," nikasema. "Mgonjwa asile kambale mpaka dawa iishe."

Mzee akatabasamu. "Hapo umenena." Akamimina kooni mara moja, akakunja uso, akajifuta. Shwesta akafurahi, akataka kujua nimemwambia nini. Nikamjibu kwamba nimemwambia ni chungu lakini inasaidia. Nilidanganya kwa lugha mbili bila hata kuvuta pumzi katikati.

Ilifaulu, dada. Hilo ndilo lililoniharibu. Kila aliyekataa nilimpa mwiko wa kambale, akanywa. Mwiko huo ukaenda Chita, ukaenda Kiberege, ukarudi kwangu kutoka vinywani mwa watu ambao sijawahi kuwaona. Wakaanza kunisalimia njiani.

Kisha ukaja wewe. Ulikuwa umejifunika kaniki mbili juu ya ile uliyovaa, na meno yanagongana. Mama mkwe wako amembeba mwanao Chausiku mgongoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, bubu wangu. Nipe hiyo dawa yako niwahi kurudi, ndege wanakula mpunga na mume wangu hajui kurusha jiwe."

Hata ukitetemeka ulikuwa unatania. Nikakufungia vikaratasi vya kwinini, nikakuambia kimoja kila siku, koroga na maji, usiache mpaka viishe. Ukaniinamia sikioni, ukaniuliza kwa Kindamba, polepole, "Na huu mwiko wa kambale, ni kweli?"

Uliniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia nilipoiba karanga. Ulikuwa umeshanijua. Ningetikisa kichwa tu ungeelewa, wala hukuhitaji neno. Lakini mama mkwe alikuwa amesogeza sikio, na nyuma yako kulikuwa na watu ambao asubuhi ileile nimewapa mwiko huo. Nikaona jinsi watakavyonigeukia.

"Ni kweli, dada."

"Haya. Nitakula mlenda."

Ulipona siku moja, ukatetemeka siku moja, ukapona. Homa hii ndivyo inavyotudanganya. Siku ya kupumzika mtu analima, anacheka, nyumba nzima inasahau. Shemeji alipokuleta kwa mtumbwi ulikuwa humjui mtu. Nilipokufungua kaniki nikakuta fundo kwenye pembe yake, na ndani ya fundo vikaratasi vyangu, karibu vyote, vimefungwa kama nilivyovifunga. Nilikufuta uso kwa maji. Saa ya mchana ukafungua macho, ukanitambua, ukasema, "Nilionja mchuzi tu, mdogo wangu. Nilionja mchuzi tu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya mwisho.

Shemeji alinisimulia baadaye. Mlenda uliisha, mama yake akapika kambale, ukachovya tonge mara moja kwa njaa. Kisha ukaogopa. Ukajiambia dawa imeshaharibika, ukiendelea kuinywa itakugeukia, ukaifunga. Hukumwambia mtu kwa aibu, mpaka homa ilipokuzidi ndipo ukamwambia yeye.

Nilikuwepo kwenye matanga nikiwanawisha watu mikono. Mama mkwe wako akasema, wala hakupunguza sauti, "Mdomo wake ndio uliomponza. Aliambiwa mwiko, akauvunja." Wanawake wakaguna. Nami niliendelea kumimina maji. Nilimimina mpaka mama mmoja akaniambia, "We binti, inatosha, nimeshanawa."

Mwaka mzima nilikaa na jambo hilo moyoni. Niliacha kutoa ule mwiko, ila sikuufuta. Watu wakiuliza nilikuwa nasema, "Kunywa tu." Nilijiambia inatosha. Kisha mwaka huu, mvua zikianza kupungua, nilimkuta mwanao kisimani na bibi yake. Amekuwa mrefu, ana meno yako yale ya mbele. Nilikuwa nimebeba kipande cha kambale, nikammegea. Akaweka mikono nyuma.

"Mimi sili kambale. Mama alikula kambale akafa."

Alisema bila huzuni yoyote, kama mtoto anavyosema jua linachoma. Na hapohapo bibi yake akaniambia wanahamia dunguni siku chache zijazo, na mtoto wanakwenda naye, nani atabaki naye kijijini.

Nilirudi kwenye daftari langu nikaona mahali lilipo jina lako, na wale watoto wote juu yako na chini yako. Nikajua atakuja kuandikwa hapo, na mkono wa kuliandika jina lake ni huu.

Shwesta alikuwa na chandarua kikuukuu kilichoraruka. Nikamwomba. Ilinichukua siku nzima kupata ujasiri wa kumwomba kitambaa tu, ndivyo nilivyo. Nikakitia viraka vya kitambaa cha marekani, kikatosha mtoto mmoja, labda na mtu mzima akijikunja. Nitakuambia ukweli, njiani kwenda kwenu nilikuwa nimeshatunga uongo mwingine. Ningewaambia, mtoto huyu ana mwiko, asilale nje ya chandarua, asionje hewa ya jua linalozama. Wangetii. Wasingeniuliza hata mara moja. Nilikuwa naurudia moyoni hatua kwa hatua, na ulikuwa mtamu.

Nilipofika ilikuwa alasiri. Shemeji anakaza kamba za mizigo, mama yake anapepeta mchele wa safari.

"Hodi."

"Karibu, shemeji! Leo umetoka nyuma ya mtungi?"

Nikawaamkia. Nikakaa. Nikaweka chandarua mapajani. Mama mkwe akakiangalia. "Hicho ni cha Wazungu. Kina mwiko gani?"

Kumbe aliufungua mlango mwenyewe. Nilichotakiwa ni kuingia tu. Chausiku alikuwa amekaa chini anachambua mawe kwenye mchele, na ananisikiliza.

"Hakina mwiko," nikasema. "Na kwinini haina mwiko. Ule wa kambale niliutunga mimi."

Mama mkwe akacheka. "Leo bubu kafungua kinywa, na maneno yenyewe ndiyo haya."

"Niliutunga, bibi. Mzee mmoja alikataa dawa, nikaona kapu la kambale mlangoni, nikasema. Shwesta hajui mpaka leo. Dada aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Angekula kambale kila siku na dawa ingemfaa vilevile. Kilichomuua ni kuiacha, na aliiacha kwa sababu yangu."

Ungo ulisimama. Shemeji alikuwa ameshika kamba, ameiachia nusu.

"Sema tena."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa kuwa sasa walikuwa wanasikia.

"Kwa hiyo Pili hakukosa kitu, hakuvunja mwiko wowote," akasema shemeji.

"Hakukosa kitu."

"Mwaka mzima namnung'unikia mwenzangu kaburini. Naenda kupalilia pale namwambia, Pili, mchuzi, mchuzi tu umekushinda!" Akainuka, nikadhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Akazunguka nyuma ya nyumba. Mama yake hakuniangalia. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mimi nilisema matangani, mbele ya watu."

Shemeji aliporudi uso wake ulikuwa umelowa. Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitu. Kinafungwaje?"

Nikamwonyesha. Pembe nne juu, chini kinakunjwa ndani ya mkeka, mtoto anaingia kabla ndege hawajatua. Nikampa na vikaratasi, nikamwambia mtoto akipata joto aanze siku hiyohiyo, asisubiri, na amalize. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Sasa nenda. Usije hapa. Nikikuona namwona yeye anaonja ule mchuzi."

Wakavuka. Mimi nilibaki na daftari. Maji yalirudi mtoni, madimbwi yakabaki, homa ikaja kama ilivyokuja kila mwaka. Mtumbwi ukifika ukingoni nilikuwa natoka mlangoni kuangalia nani amebebwa. Walibebwa wengi, dada. Mtoto akiletwa amefunikwa uso, kalamu inaniganda mpaka Shwesta anauliza jina mara mbili. Na kila aliyeuliza mwiko nilimwambia haupo, ule wa zamani ulikuwa uongo wangu. Wengine walinizomea. Mama mmoja wa Chita alinitemea mate karibu na miguu, akasema alimlaza mwanawe na njaa mbele ya chungu kizima cha kambale. Wako waliosukuma kikombe wakaondoka bila kunywa, na hao nawaandika, kwa sababu nataka kujua kama watarudi.

Juzi, mpunga ukiwa umeshavunwa, nikamwona shemeji kwenye benchi. Anatetemeka. Chausiku amesimama kati ya magoti yake, hana hata upele, anatafuna mkia wa kambale.

Nikashika kalamu.

"Andika," akasema. "Jina unalijua. Chandarua kilitosha mtu mmoja na nusu, na hiyo nusu mama aliichukua." Meno yalikuwa yanamgonga. "Huyu hajapata joto hata siku moja."

Mzee aliyekaa naye akamuuliza kama ni kweli dawa ya hapa mtu anakula chochote. Shemeji akakipokea kikombe, akanywa mpaka chini, akamrudishia Shwesta, kisha akanikazia macho mimi badala ya mzee.

"Anakula chochote. Mke wangu alikula chochote, wala hakukosa."

Alisema kwa sauti ya kusikika benchi zima. Alipoinuka kuondoka akaniambia, bila kugeuka vizuri, "Jumapili uje. Mama anasema uje na sindano. Anataka kushona vingine, vya watoto wa majirani."

Leo ni Jumamosi. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili na si kwa Kindamba chetu, ili wiki ijayo niisome pale barazani kwa watu wa Mngeta na wa milimani na wa kokote walikofikiwa na uongo wangu. Kuongea bado siwezi, lakini kusoma naweza, macho yakiwa kwenye karatasi. Wakinizomea nitasubiri wamalize, kisha nitaendelea pale nilipoishia. Nitawaambia pia habari za madimbwi, na kwamba anayelala dunguni afunike watoto wake hata kwa kitambaa chochote chepesi kama chandarua hana. Wakimcheka yule mbu, safari hii sitacheka nao.

Lakini kabla ya wao yuko mmoja. Kesho nikifika kwenu nitamkalisha Chausiku mapajani nimwambie: mama yako aliumwa na mbu shambani, akapata homa, akafa. Mimi ndiye niliyemdanganya kuhusu kambale. Yeye hakufanya baya lolote. Nitamwambia hivyo mara nyingi kadiri atakavyouliza, mpaka akue achoke kuuliza.

Lala salama, dada. Ukimwona mama, mwambie naye hakukosa kitu.

Mimi mdogo wako, wa tumbo moja.